Nani Atazihesabu?

Ijumaa usiku, tarehe 1 Desemba 2023, Adeer aliwanunulia chai watu wa ploti nzima. Jengo letu la Eastleigh lina orofa sita, na chini pale mlangoni kuna mama anayeuza chai ya maziwa na mahamri mpaka usiku wa manane. Adeer alimlipa, akamwambia kila anayepita apewe kikombe. Adeer si jina lake. Ni neno la Kisomali la ami, na kwetu kila mzee Msomali unamwita hivyo, awe ndugu yako au asiwe.

Sababu ya chai ilikuwa habari aliyoipata kwenye simu: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, huko New York, lilikuwa limeondoa vikwazo vya silaha dhidi ya Somalia. Vikwazo hivyo viliwekwa Januari 1992. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa.

Shangazi yangu alipokea kikombe, akakiweka kwenye ngazi, hakukinywa. Mwanawe ni mwanajeshi wa KDF, na wakati huo alikuwa Somalia, upande wa Jubaland. Alisema, "Kwa hivyo sasa wataongezewa bunduki. Kwani zilikuwa zimepungua?"

Adeer akacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi. "Wewe ndiye ulisoma historia," Shangazi akasema. "Hebu tuambie, hii ni habari njema ama mbaya?"

Wacha niseme ukweli. Historia niliisoma miaka miwili tu, fii ikanishinda, nikaacha chuo. Siku hizi ninaandika vitu vya watu kwa malipo: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, chochote kinacholipa rent. Usiku ule nilitoa jibu la kihuni, nikasema "inategemea", nikapanda juu kulala. Lakini swali lilinifuata mpaka kitandani, na sijui kama limewahi kuniacha. Hii hapa ndiyo jibu langu, limechelewa.

Tuanze na Adeer mwenyewe, maana hadithi ya vikwazo haianzi 1992. Inaanzia kwenye ghala.

Ujana wake Adeer alikuwa karani wa ghala la jeshi jijini Mogadishu. Si mpiganaji. Kazi yake ilikuwa daftari. Silaha ikiingia, anaandika nambari yake. Ikitoka, anaandika nambari, jina la aliyeichukua na tarehe, kisha huyo mtu anatia sahihi. Na ghala lilikuwa na vitu. Siad Barre alichukua madaraka kwa mapinduzi Oktoba 1969, akawa rafiki wa Muungano wa Kisovieti, na silaha zikaanza kuja kwa meli: vifaru, mizinga, ndege za MiG, bunduki zisizohesabika kirahisi. Nchi ya wafugaji, watu wachache, ikawa na mojawapo ya majeshi makubwa Afrika.

Julai 1977 jeshi hilo likavuka mpaka kwenda kuichukua Ogaden, eneo la Ethiopia lenye wakazi wengi Wasomali. Hapo Moscow ikabadilisha upande. Novemba Siad Barre akawafukuza washauri wa Kisovieti, na Ethiopia nayo ikamiminiwa silaha za Kisovieti na maelfu ya wanajeshi kutoka Cuba. Machi 1978 Somalia ikarudi nyumbani imeshindwa. Miaka miwili baadaye Marekani ikaingia kwenye nafasi iliyoachwa, ikapewa ruhusa ya kutumia bandari ya Berbera, na misaada ya kijeshi ikafuata. Kwa hivyo kufikia miaka ya themanini, kambi zote mbili za Vita Baridi zilikuwa zimeweka mkono kwenye ghala lile. Ukitaka kujua bunduki za Somalia zilitoka wapi, usianze na maharamia wala magaidi. Anza na mataifa makubwa ambayo baadaye yalikaa mezani New York kupiga kura ya vikwazo.

Silaha hizo hazikukaa bure. Mei 1988 waasi wa SNM walipoingia Hargeisa, serikali iliupiga kwa mabomu mji wake yenyewe, ndege zikiruka kutoka uwanja wa ndege wa mji huohuo. Leo katikati ya Hargeisa kuna MiG moja imewekwa juu ya mnara wa kumbukumbu. Ninaitaja kwa sababu tunapozungumza kuhusu kulipa "jeshi la taifa" silaha zaidi, tukumbuke kwamba kuna Wasomali ambao maneno hayo yanawakumbusha sauti ya ndege.

Mwishoni mwa Januari 1991 Siad Barre akatoroka Mogadishu. Adeer anasema siku hizo hakuna aliyekuja ghalani na karatasi. Watu walikuja na mikokoteni. Askari, vijana, wanawake wenye watoto mgongoni, kila mtu alibeba alichoweza, mwingine sanduku la risasi bila bunduki, mwingine bunduki bila risasi. Yeye aliliacha daftari juu ya meza, akaenda kumtafuta mkewe. Waliingia Kenya kupitia Liboi, wakapelekwa Ifo, kambi ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inafunguliwa kule Dadaab. Eastleigh walikuja baadaye.

Kule nyuma, waliomwondoa Siad Barre wakagombana wao kwa wao. Kuanzia Novemba 1991 watu wa Ali Mahdi na watu wa Jenerali Aidid waliugawa mji mkuu wakaushambulia kwa mizinga. Na ndipo, tarehe 23 Januari 1992, Baraza la Usalama likapitisha azimio nambari 733: nchi zote zisipeleke silaha wala vifaa vya kijeshi Somalia, mpaka Baraza litakaposema vinginevyo.

Angalia tarehe. Mwaka mzima baada ya maghala kumwagika. Baraza lilifunga mlango wa nyumba ambayo tayari ilikuwa imejaa moshi. Siku azimio linasomwa, bunduki zilikuwa mikononi mwa watoto, na pikapu zilizofungwa mizinga nyuma zilikuwa zinazunguka mitaani. Soko la Bakaara lilikuwa na sehemu ya silaha ambayo watu waliiita Cir Toogte, yaani mpiga mbingu, kwa sababu mteja alikuwa anaijaribu bunduki kwa kufyatua juu kabla hajalipa. Vile sisi tunavyojaribu chaja Luthuli kabla ya kutoa pesa.

Mbaya zaidi, kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa akichunguza nani anavunja amri hiyo. Ilibidi ifike 2002 ndipo Baraza likaunda jopo la wataalamu wa kufuatilia, na baadaye kikundi chao kikawekwa hapa Nairobi. Ripoti zao ziliwataja majirani, mwaka baada ya mwaka: Ethiopia, Eritrea, silaha zinazovuka bahari kutoka Yemen. Kila mmoja alikuwa na Wasomali wake aliotaka washinde. Eritrea yenyewe iliwekewa vikwazo vya silaha Desemba 2009, sababu moja ikiwa madai ya kuyasaidia makundi yenye silaha Somalia. Vya Eritrea viliondolewa Novemba 2018, miaka tisa tu. Vya Somalia vikaendelea.

Na sisi Wakenya tusidhani tulikuwa watazamaji. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa, na waliokufa wengi walikuwa Wakenya. Asubuhi hiyohiyo makombora mawili yalirushwa kuelekea ndege ya Kiisraeli iliyokuwa inaruka kutoka Mombasa. Yalikosa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipofuatilia njia ya makombora hayo, walisema yalipitia Somalia kabla ya kuingizwa Kenya. Wakati huo vikwazo vilikuwa na umri wa miaka kumi. Amri ilikuwepo na makombora yakapita.

Hapa ndipo hoja ya Adeer inapoanza kuwa na nguvu, na ninataka niiweke vizuri kuliko nilivyoiweka usiku ule. Anasema hivi: amri ambayo mwizi haisikii, inamfunga nani? Inamfunga anayetaka kufuata sheria. Mtu wa Bakaara hakuomba ruhusa New York. Al-Shabaab hawakuomba. Lakini serikali, kila ilipojaribu kusimama, ilikuwa lazima iombe.

Mambo yalilegezwa kidogo tarehe 6 Machi 2013, kwa azimio nambari 2093. Serikali ya shirikisho ilikuwa imeundwa mwaka uliotangulia, Hassan Sheikh Mohamud akiwa rais, na Baraza likairuhusu inunue bunduki za kawaida kwa mwaka mmoja, halafu ruhusa ikawa inaongezwa. Silaha nzito na makombora ya kutungua ndege zilibaki marufuku au za kuombewa kibali. Na kila shehena ilikuwa lazima itolewe taarifa mapema: nini, kiasi gani, inatoka kwa nani, itahifadhiwa wapi. Kwa Adeer hiyo ilikuwa aibu. "Nchi yenye bendera," alisema, "inaandika barua ya kuomba risasi, na adui yake anazichukua tu."

Lakini, Adeer, kuna kurasa nyingine. Mapema 2014, mwaka haujaisha tangu kamba ilegezwe, wataalamu waliliambia Baraza kwamba silaha za serikali zinavuja: zinaenda kwa wanamgambo wa koo, zinaenda sokoni. Aprili 2018, Umoja wa Falme za Kiarabu ulipofunga kambi yake ya mafunzo Mogadishu, wanajeshi waliivamia kambi hiyo na silaha zikabebwa. Hapo hakukuwa na adui aliyepanda ukuta. Walikuwa wenyewe, wengine hawajalipwa mshahara. Mwanajeshi asiyelipwa mshahara ana kitu kimoja tu cha kuuza, na kila mtu anakijua.

Sasa tumsikilize Shangazi.

Shangazi hajasoma azimio lolote. Anachojua ni tarehe. KDF waliingia Somalia Oktoba 2011. Westgate ni Septemba 2013, watu 67. Garissa ni tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wanafunzi. El Adde ni tarehe 15 Januari 2016. Siku hiyo Al-Shabaab waliivamia kambi ya Wakenya, na idadi ya waliokufa imebaki kuwa ubishi mpaka leo. Binamu yangu hakuwa El Adde, lakini alikuwa na rafiki pale. Wiki nzima Shangazi alikuwa anapokea simu kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

Na nini kilitoka El Adde? Magari, bunduki, risasi. Washambuliaji walivibeba na kuvionyesha kwenye video zao. Vilikuwa vifaa vya Kenya, vimenunuliwa kwa kodi yetu, vimeingia Somalia kihalali, chini ya ruhusa iliyopewa kikosi cha Umoja wa Afrika. Kambi za Warundi na Waganda nazo zilivamiwa kwa namna hiyohiyo. Mei 2023, miezi sita kabla ya ile chai ya Adeer, kambi ya Waganda ya Buulo Mareer ilivamiwa, na Rais Museveni akatangaza kwamba wanajeshi 54 waliuawa. Hakuna kikwazo duniani kinachozuia silaha ya namna hiyo. Haipiti forodhani. Inapita juu ya maiti.

Ndiyo maana Shangazi aliuliza kama bunduki zilikuwa zimepungua. Hakuwa anapinga Wasomali wawe na jeshi. Kwanza ndiye aliyetamani zaidi wawe nalo, ili mwanawe arudi. Shida yake ilikuwa kwamba kila bunduki inayoingia kule, iwe ya nani, anaiona ikigeuzwa siku moja na kuelekezwa kwa kijana wake.

Nikiwa na wote wawili kichwani, nilirudi kusoma kile hasa kilichopitishwa tarehe 1 Desemba 2023. Yalikuwa maazimio mawili. Azimio 2714 liliondoa vikwazo vya mwaka 1992. Azimio 2713 likaweka vipya, vinavyolenga Al-Shabaab: serikali na vyombo vyake vya usalama wanaweza kununua, wengine bado ni marufuku, na jopo la wataalamu likaendelea na kazi. Yaani amri ilihamishwa kutoka kwa nchi na kuwekwa juu ya kundi. Kwa heshima ya nchi, hiyo ni tofauti kubwa. Usiidharau. Ilikuja pia wakati nchi ilikuwa inarudishiwa vitu vyake kimoja kimoja: tarehe 24 Novemba wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliikubali Somalia kuwa mwanachama, na katikati ya Desemba ikapata msamaha wa madeni wa dola bilioni 4.5. Wiki tatu. Adeer alikuwa na haki ya kununua chai.

Halafu mwezi mmoja baadaye kamili, tarehe 1 Januari 2024, Ethiopia ikatia sahihi makubaliano na Somaliland ya kupata njia ya bahari. Mogadishu ikawaka. Agosti mwaka huo Somalia ikasaini mkataba wa ulinzi na Misri, ambayo ina ugomvi wake na Ethiopia kuhusu maji ya Nile, na ndege za kijeshi za Misri zikatua Mogadishu zimebeba silaha. Septemba ikafuata meli. Ethiopia ikalalamika kwamba silaha hizo zinaweza kuishia mikononi mwa magaidi. Ndiyo Ethiopia ileile ya ripoti za wataalamu. Uturuki ilikuwa na kambi yake ya mafunzo Mogadishu tangu 2017, na ndiyo iliyowaketisha Ankara Desemba 2024 wakapunguza moto. Wakati huohuo, Julai 2024, katika mji wa Abudwaq, wanamgambo wa koo walikuwa wameivamia shehena ya silaha barabarani na kuigawana.

Ukiyatazama hayo yote kwa pamoja, unaona picha ya 1977 ikirudi: majirani na marafiki wa mbali wanajaza ghala, kila mmoja kwa sababu zake. Tofauti ni kwamba sasa ni halali.

Kwa hivyo, njema ama mbaya? Msimamo wangu ni huu. Kuviondoa vikwazo vya 1992 ilikuwa haki. Amri ya miaka karibu 32 iliyoshindwa kuzuia bunduki, ikafaulu tu kuidhalilisha serikali iliyotaka kufuata utaratibu, haikuwa na sababu ya kuendelea kuishi. Katika hili nipo na Adeer.

Lakini vikwazo vile, pamoja na ubovu wake, vilikuwa vimezaa kitu ambacho Somalia haikuwa nacho tangu Januari 1991: mtu wa kuandika. Zile taarifa za shehena zilizomkasirisha Adeer, zile ripoti zilizosema bunduki ya nambari fulani imeonekana sokoni, hilo lilikuwa daftari. La wageni, la kibabe, lenye mashimo, lakini daftari. Ukiondoa la mgeni, lazima liwepo la mwenyeji. Kwa haki, Baraza lilidai hivyo kwa miaka: silaha zitiwe alama, ziandikishwe, maghala yajengwe, na serikali ilionyesha hatua kabla ya kura kupigwa. Swali ni kama karani wa leo analipwa mshahara, na kama mkubwa wa ukoo wake akija na gari usiku anaweza kumwambia hapana. Hilo haliamuliwi New York. Linaamuliwa mlangoni mwa ghala, na mtu ambaye jina lake hatutalijua kamwe.

Na sisi tusijitoe. El Adde ilikuwa ghala letu. Nani aliziandika zile bunduki, na nani ametuambia ziko wapi?

Mwaka jana binamu yangu alikuja likizo. Hakusema mengi, alilala sana, alikula sana. Jioni moja tulikuwa chini kwa mama wa chai, Adeer akawa anamweleza kijana jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Akachukua risiti ya duka, akaigeuza, akachora safu: nambari, jina, tarehe ya kutoka, sahihi, tarehe ya kurudi. Binamu yangu akasema kwao wana karibu vilevile.

Shangazi aliinama akaitazama ile karatasi. Akaweka kidole kwenye safu ya mwisho.

"Hii ya kurudi," akamwuliza Adeer, "ilikuwa inajazwa?"

Adeer alifikiri kidogo. Akasema miaka ya mwanzo, ndiyo. Baada ya Ogaden, si sana.

Shangazi akanywa chai yake. Binamu yangu aliondoka Jumatatu iliyofuata.